Anayekukopesha Hakuombi Utume Kwanza

Hotuba kwa wafanyabiashara wa soko na waendesha bodaboda, Kondele, Kisumu

Misawa! Na kwa ndugu zangu mliotoka Luanda na Mbale kule Vihiga, mulembe. Akina mama wa Kibuye, asanteni kwa kufunga vibanda mapema. Vijana wa boda mliosimama mlangoni, ingieni mketi, viti vipo.

Barua ya mwaliko ilinitaka nizungumzie elimu ya fedha. Mtanisamehe. Mtu anayechukua omena, dagaa wa ziwani, pale Dunga kwa deni alfajiri, akaiuza, akamlipa mwenye mali, akachangia chama chake cha akiba jioni na bado karo ikapatikana, huyo fedha anazijua kuliko mimi. Nimekuja na jambo moja tu: yule anayekuahidi mkopo, kisha anataka utangulize pesa kidogo ndipo akutumie. Kazi yangu ni afisa wa mikopo katika Sacco, chama cha ushirika cha akiba na mikopo. Najua pesa ya mkopo hupitia wapi kabla haijamfikia mwombaji, na nikiangalia jinsi wakora hawa wanavyopanga kazi yao, naona wazi walichoiba kutoka kwetu.

Niwaeleze inavyokwenda, maana wengi wetu tunadhani tapeli huja na sura ya tapeli.

Mama mmoja anayekaanga mgongo wazi, mifupa ya samaki iliyotolewa minofu, kule Obunga ameniruhusu nisimulie yake, mradi nisimtaje. Mwezi wa kwanza ulimkuta na deni la chama, mikopo miwili ya simu, na mwenye nyumba anabisha hodi. Akaona ukurasa wa Facebook: bendera ya taifa, picha ya Rais, na maneno "Mkopo 40,000, bila CRB, bila mdhamini, dakika tano." (CRB ni zile kampuni zinazotunza rekodi za wanaokopa.) Chini ya tangazo watu kibao wanashukuru, Mungu awabariki, nimepokea. (Hao wanaoshukuru, kwa taarifa yenu, mara nyingi ni huyo huyo mwenye ukurasa.) Akaandika. Akajibiwa kwa adabu, anaitwa mama, anaulizwa jina, kitambulisho mbele na nyuma, biashara gani, anaweza kulipa ngapi kwa mwezi. Angalieni hapo: hayo ndiyo maswali ninayouliza mimi nikiwa ofisini. Ndiyo maana yalimtuliza moyo.

Kisha, hongera, umefaulu. Tuma shilingi 390 za fomu. Akatuma. Ikaja ya bima ya mkopo, 850. Akatuma. Ukaingia ujumbe unaofanana na wa M-Pesa, unasema 40,000 zimezuiliwa, zinasubiri 1,200 za kufungua akaunti. Akatuma. Mara ya nne akaambiwa amekosea namba ya rejeleo, inabidi kuanza upya kwa 2,500, ila asijali, zote zitarudi pamoja na mkopo. Hizo 2,500 aliziazima kwa mwanachama mwenzake. Jumlisheni wenyewe: 4,940, na mkopo hakuna.

Nimesikia watu wakimcheka mtu kama huyu, wanamwita mjinga. Mimi sikubali. Mara ya kwanza mtu hupima 390 dhidi ya 40,000, na kwa hesabu hiyo hata profesa angejaribu. Mara ya tatu hapimi tena hivyo. Anapima 1,200 dhidi ya 1,240 zilizokwisha kwenda, na akiacha sasa zimepotea. Mkopo umeshasahaulika, anafukuza pesa yake mwenyewe. Na viwango vile havikuokotwa. Kila kimoja ni kidogo kiasi kwamba mtu ataona aibu kwenda nacho polisi, na ni kikubwa kiasi cha kuuma asitake kukiacha.

Tazameni tena lile neno "bila CRB". Mwenye rekodi nzuri akiliona anapita, maana yeye ana pa kwenda. Tangazo lile limeandikiwa aliyekataliwa benki, akakataliwa na programu ya simu, akaona haya kurudi chamani. Mfa maji haachi kutapatapa, na wao wameweka ukurasa pale pale anapotapatapa. Lakini fikirini kidogo kama mkopeshaji. Nisipoangalia historia yako, lazima nijikinge kwingine: nikutoze riba kubwa, au nikupe kidogo kwa siku chache, au nishike kitu chako. Anayesema hataki historia, hataki mdhamini, hataki dhamana, riba yake ni ndogo na anakupa elfu arobaini bila kukuona, huyo hajajikinga popote. Hana haja. Hakuna pesa yake inayotoka.

Sasa tuje kwenye kiini. Mkopeshaji wa kweli hupata wapi chake? Hukipata ndani ya mkopo. Chukueni Hustler Fund, mikopo ya serikali kwa simu, ambayo wengi wenu mnaitumia. Ilizinduliwa tarehe 30 Novemba 2022, mtu mmoja anakopa kuanzia shilingi 500 hadi 50,000, riba asilimia 8 kwa mwaka, unarudisha ndani ya siku 14, na asilimia 5 ya unachokopa inawekwa akiba kwa jina lako. Ukikopa 1,000, hamsini inakwenda akiba, 950 inaingia kwa simu. Riba ya hizo siku kumi na nne ni kama shilingi tatu. Umemtumia nani pesa kabla? Hakuna. Umebonyeza *254#, basi. Hakuna wakala, hakuna WhatsApp, hakuna fomu ya 390. Tena wengi huanzishwa na 500 au 1,000, kiwango kinapanda ukilipa vizuri. Anayekwambia wewe mgeni utapewa elfu hamsini za Hustler Fund leo hii, hajui hata kile anachokiigiza.

Benki nayo ni vivyo hivyo. Ada ya kushughulikia mkopo ipo, bima ipo, sikatai. Lakini kwa mkopo wa kawaida wa mtu kama wewe na mimi, hukatwa pale mkopo unapotoka. Kwa hiyo nawapa jibu moja la kumrudishia yeyote anayedai ada, mliandike hata nyuma ya kadi ya chama: "Kata hiyo ada kwenye mkopo wangu, unitumie kinachobaki." Hakuna mkopeshaji wa kweli atakayeshangaa, ndivyo afanyavyo kila siku. Mkora atakuja na hadithi: mfumo haukubali, ni agizo la Benki Kuu, ni pesa ya kurudishwa. Benki Kuu haina agizo la kukutaka utume pesa kwa namba ya mtu ili ukopeshwe. Na nyinyi wa sokoni, nani kati yenu humlipisha mteja kwanza ndipo afunue gunia aone nyanya?

Namwona mama pale ananitazama kwa jicho la "lakini". Najua. Lakini nyinyi wa Sacco si mnatutaka tuweke akiba kwanza?

Ndiyo, tunataka. Na hapa nitakaa kidogo, kwa sababu hapa ndipo wametuibia. Mkenya amezoea kwamba mkopo unatanguliwa na akiba. Chama kinafanya hivyo, Sacco inafanya hivyo, wazazi wetu walifanya hivyo. Mkora anajua. Kwa hiyo haiiti tena ada, anaiita akiba: "Weka akiba ya 1,500 upate 30,000." Masikio yanasikia kitu cha kawaida, mkono unatuma.

Basi tuitenganishe. Akiba ya Sacco inabaki yako. Ukiomba taarifa ya akaunti unaiona kwa jina lako, mwisho wa mwaka inakuzalia kidogo, ukijitoa kwa utaratibu unarudishiwa, mradi hudaiwi na hujamdhamini anayedaiwa. Pesa inaingia akaunti ya Sacco, haiingii simu ya afisa. Mimi mwenyewe nikikwambia unitumie kwa namba yangu, nenda kwa meneja siku hiyo hiyo, usinionee haya. Halafu kuna muda. Unaweka mwezi baada ya mwezi, ndipo unakopa, mara nyingi hadi mara tatu ya akiba yako, na wadhamini wanatia sahihi wakijua usipolipa watakatwa wao. Aliyejiunga asubuhi hatoki na mkopo saa saba mchana. Ukiona Sacco ya hivyo, hiyo ni ukurasa wa Facebook uliovaa jina.

Na hata Sacco yenye ofisi na kiti cha kuzunguka, iulize vibali. Kuna mamlaka inayosimamia Sacco, SASRA, iliyoundwa chini ya sheria ya mwaka 2008, na hutangaza orodha ya zile zilizo na leseni. Vyama vidogo visivyo kwenye orodha hiyo husajiliwa na Kamishna wa Ushirika, na ofisi ya ushirika ya kaunti itakuambia kama wanavijua. Ukifika huko hutaambiwa mjinga kwa kuuliza.

Kuna malipo ya kabla yaliyo halali, nisije nikawapotosha. Anayekopa benki kwa hati ya shamba anaweza kumlipa mthamini wa ardhi au wakili kabla mkopo haujatoka. Lakini hiyo ni mikopo mikubwa, ina karatasi, ina risiti, ina ofisi unayoingia kwa miguu. Haiji kwa WhatsApp saa nne usiku.

Kwa wakopeshaji wa simu, sheria ya Benki Kuu ilirekebishwa mwishoni mwa 2021, na kanuni zikatoka Machi 2022. Tangu hapo mkopeshaji wa kidijitali anahitaji leseni, na orodha ya waliopewa iko kwenye tovuti ya Benki Kuu. Sasa ni zaidi ya mia moja. Msiwe wepesi hata hapo, kwa sababu mkora husoma orodha ile ile na kuazima jina. Ukilikuta jina, umejua tu kwamba kampuni ipo. Anayekuandikia hujamjua bado. Itafute namba ya kampuni wewe mwenyewe, upige, uulize kama huyo ni mtu wao. Kisha ukiwa unatuma pesa kokote, soma jina linalotokea kabla hujathibitisha. M-Pesa inakuonyesha jina kwa sababu hiyo. Umeambiwa ni kampuni ya mikopo ya Nairobi, limetokea jina la kijana wa watu, unathibitisha nini hapo?

Na CRB. Hili linawatesa watu sana, kwa hiyo kuna wakora wa CRB peke yao: "Nitakusafisha jina kwa 1,500." Kampuni za taarifa za mikopo zilizo na leseni ni tatu, Metropol, TransUnion na Creditinfo. Una haki ya ripoti moja ya bure kila mwaka. Deni lililo chini ya shilingi 1,000 halifai kukuweka kwenye rekodi mbaya, hiyo ni kanuni ya 2020. Kama kuna kosa, unalalamika kwao na wanawajibika kulichunguza. Kama deni ni la kweli, hakuna mtu wa kulifuta kwa 1,500. Unalilipa, rekodi inaonyesha umelipa, ingawa historia ya kuchelewa inabaki miaka mitano. Lakini kuandikwa "amelipa" na kuandikwa "anadaiwa" ni vitu viwili tofauti mbele ya mkopeshaji, msivichanganye.

Kama pesa imeshatoka, fanya haraka. Ule ujumbe wa M-Pesa uutume kama ulivyo kwa 456 kuomba irudishwe. Kama bado imo kwenye simu yao kuna nafasi, wakishaitoa nafasi imekwisha, na wao hawakawii. Namba ya mkora itume kwa 333, ni bure. Nenda kituoni uandikishe, upewe namba ya OB, kile kitabu cha matukio cha polisi, hata kama ni 390. DCI, idara ya upelelezi wa jinai, wana laini ya bure, 0800 722 203. Kujipatia pesa kwa uongo ni kosa chini ya kifungu cha 313 cha Kanuni ya Adhabu, hadi miaka mitatu ndani. Je, ya kwako itarudi? Mara nyingi hairudi, sitawadanganya. Lakini ripoti ishirini za 390 kwa namba moja si 390 tena.

Kama uliwapa kitambulisho, bonyeza *106# uone laini zilizosajiliwa kwa jina lako. Bonyeza pia *100*100# ili mtu mwingine asiweze kubadilisha laini yako kwa wakala. Baada ya miezi michache omba ile ripoti ya bure ya CRB, uone kama kuna mtu amekopa kwa jina lako. Na jiandae kwa simu ya pili. Atapiga mtu mwingine, wakili au afisa wa "kitengo cha ulaghai", anajua kiasi ulichopoteza, atakurudishia kwa ada kidogo. Amejuaje? Namba za waliokwisha tuma mara moja zina soko lake.

Nisiishie hapo, maana nikikufungia mlango wa mkora na nikakuacha na madeni yako, sijakusaidia. Wahenga walisema dawa ya deni ni kulipa. Hawakusema kulipa kwa deni jingine.

Chukua karatasi. Andika unayemdai wewe pia, si wanaokudai tu. Mama wa mgongo wazi tulipoketi naye, ilionekana yeye anazidai hoteli mbili zaidi ya mwenye nyumba anavyomdai yeye. Kisha kwa kila deni andika: nikichelewa hapa, nini kitatokea? Kijana wa boda, pikipiki ya mkopo ikishikwa umepoteza deni na kazi pamoja, hiyo iende juu. Deni lenye wadhamini liende juu, kwa sababu linamkata mtu aliyekuamini. Mkopo wa simu wa elfu mbili unapiga kelele kuliko yote, lakini kelele si uzito.

Kwa wale ambao huwa wanazima simu, nawatolea siri ya ofisi. Ukija kwangu kabla ya tarehe ukasema mwezi huu siwezi, nina mambo ya kufanya: kurefusha muda, kupunguza marejesho, kukupa mwezi wa kupumua. Ukija baada ya miezi mitatu nimeshawaandikia wadhamini, mikono yangu haina mengi tena. Ni faili lile lile na mtu yule yule, tofauti ni tarehe tu.

Na mnalo lenu kisheria. Kifungu cha 44A cha Sheria ya Benki, kilichoanza kazi Mei 2007, kinaizuia benki kukusanya riba bila kikomo kwa mkopo ulioharibika. Riba haiwezi kupita kiasi cha deni la msingi kilichokuwa kimebaki ulipoharibika. Ulibakisha 20,000, benki haiwezi kudai riba ya 35,000 juu yake. Mkopeshaji wa simu naye, kanuni za 2022 zinamkataza kukutukana, kukutisha, au kuwapigia watu walio kwenye simu yako kukuaibisha. Akifanya hivyo, hifadhi ujumbe, lalamika Benki Kuu na kwa Kamishna wa Ulinzi wa Data. Nasisitiza hili kwa sababu ndipo wengi wanapokimbilia kwa mkora: wametishwa saa tatu asubuhi, saa tano wanatafuta pesa yoyote. Deni la mkopo ni kesi ya madai, na kesi ya madai hupita mahakamani. Haianzi na mtu kukuambia kwenye simu kwamba polisi wako njiani.

Mwenyekiti ananionyesha saa. Maswali mawili.

Kijana wa boda anauliza: na kama aliyenielekeza ni rafiki yangu, na anasema yeye amepokea? Namjibu: mpigie kwa sauti, usimwandikie. Akaunti za watu huchukuliwa, na rafiki unayezungumza naye huenda si rafiki. Akiwa ni yeye kweli, mwambie akuonyeshe taarifa ya M-Pesa yenye pesa iliyoingia, na jina la aliyetuma. Wengine huahidiwa kurudishiwa ada wakileta watu watatu, na mtu aliyekwisha poteza 4,000 anaweza kukuuza wewe ili apone yeye. Hilo ni gumu kulisema, lakini lipo.

Mama mmoja anauliza kwa sauti ya chini: nikiwa nadaiwa na chama hiki hiki, nitaanzia wapi kuwaambia? Anza na mweka hazina, kabla ya siku ya kikao, ukiwa na karatasi yako. Usiende na "nisaidieni". Nenda na "naweza mia tatu kila wiki hadi mwezi wa sita". Chama kinachopata mia tatu za uhakika kinakuvumilia. Kinachopata ahadi kubwa na simu iliyozimwa hakivumilii. Mwenyekiti yuko hapa na amesema amesikia, na naomba awape nafasi ya kwanza kwenye kikao kijacho wale wenye jambo la deni, kabla ya kuchanga.

Nitaketi ile meza ya pembeni hadi saa kumi na mbili. Mwenye ujumbe wa mkopo ambao hana uhakika nao, aje tuusome pamoja. Njoo na ujumbe peke yake. PIN yako usinitajie hata mimi.